Usiseme Kulikuwa

Aliwakataza watu kusema "kulikuwa". Ukikaa mbele yake ukafumba macho kama alivyokuagiza, ukaanza kumweleza kwamba kulikuwa na mlango wa kijani, kulikuwa na benchi, alikukatiza pale pale. Usiseme kulikuwa, sema kuna. Alitaka picha iwe mbele yako wakati ule ule unaposema, asiletewe habari za picha. "Usinipe unachokijua," alikuwa akisema. "Nipe unachokiona."

Chuoni tulimwita Mtafiti. Jina lake lilikuwapo kwenye orodha ya mishahara na kwenye mlango wa chumba alichogawana na maboksi ya chaki, lakini hakuna aliyelitumia. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kumcheka, maana alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba au nane, ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na kazi aliyorudi nayo haikueleweka. Walimu wenzake wa saikolojia walifundisha namna mtoto anavyojifunza kusoma. Yeye alitaka kujua watu wanaona nini wakiwa wamefumba macho.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa idara. Kila alichokiandika kwa mkono kilipita vidoleni mwangu kabla ya kwenda popote, kwa hiyo kwa miaka minne nilimsoma kila siku. Wapo waliokaa naye karibu zaidi yangu, lakini sidhani kama walimjua zaidi.

Yapo mema yake, na nikiyakumbuka namkumbuka akiwa kazini. Alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Mama mmoja wa Moa, msuka mikeka, alimweleza kwa saa nzima jinsi anavyouona mkeka mzima umekwisha, na rangi zake, kabla hajashika ukindu wa kwanza. Mtafiti hakumharakisha hata mara moja. Fundi baiskeli wa Ngamiani alifungua gia yote akiwa amefumba macho na mikono yake imetulia magotini, akitaja kila gololi ilipo. Muuza mboga mmoja, Mshambaa, aliambiwa apande kwa mawazo njia ya kwenda kwao mlimani. Aliketi kitini asitikisike, lakini alipofika nusu ya kilima akaanza kuhema, na jasho likamtoka. Mtafiti alinisimulia hayo huku anacheka kwa furaha, machozi yakimlenga.

Na mimi alinipima. Aliniuliza herufi P iko wapi kwenye mashine yangu. Nilikuwa nimepiga chapa miaka kumi na moja, na sikuweza kusema. Kisha akaniambia niandike neno "papai" hewani, na kidole changu cha mwisho kikaruka chenyewe juu kulia. Alikishika kidole kile kama daktari, akakitazama. Siku ile nilimpenda.

Hakuwa mtu rahisi. Alimwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri, hata wafagizi ambao walimu wengine waliwapita kama miti, lakini angeweza kumwacha mtu kwenye benchi mchana kutwa akasahau kwamba alimwita. Alikunywa chai ya rangi bila sukari tangu zamani, kabla sukari haijapotea madukani, na ilipopotea akatuona sisi wenye kulalamika kuwa watoto. Alikuwa mkali juu ya uongo. Aliwajua mara moja waliokuwa wakibuni ili kumfurahisha, akayafuta maelezo yao yote. Lakini barua alizompelekea baba yake, ambazo nyingine alinipa nizitie posta, zilisema anaishi nyumba ya serikali yenye bustani, na kweli ni kwamba alipanga chumba kimoja kwa mjane mmoja Ngamiani. Na alipotea njia. Mitaa ya Ngamiani imepewa namba zinazofuatana, barabara ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, mtu hana haja ya kuuliza. Yeye alirudi nyumbani kwake kwa kuhesabu kwa vidole.

Siku moja alasiri mvua ilituzuia ofisini. Akaniomba nifumbe macho, niutazame uso wa mama yangu. Nikamwambia ninavyouona: kovu dogo juu ya nyusi, kitambaa cha kichwani kimelegea. Akauliza kovu linaelekea wapi, mwanga unatoka upande gani, je, macho yananitazama au yanatazama kando. Aliuliza mpaka nikachoka. Nikamwambia sasa na yeye afumbe, aniambie anamwonaje mama yake.

Akasema kwamba yeye haoni kitu. Hajapata kuona kitu tangu azaliwe. Akifumba macho ni giza tu, na mpaka alipofika chuo kikuu alidhani watu wakisema "namwona kama yuko hapa" ni namna ya kusema tu. Mama yake alifariki yeye akiwa ng'ambo, na barua ilipomfikia mazishi yalikuwa yamekwisha kupita wiki tatu. "Wewe mama yako unaye mpaka leo," aliniambia. "Mimi wangu nina habari zake tu."

Nimemchukia mwanamke yule kwa muda mrefu, na kila chuki ilipotaka kukomaa nilikumbuka maneno hayo yakaniharibia.

Mwenye nyumba wake alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Pemba, aliyeletwa Tanga na mumewe mwenye duka. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ile ile. Mume alipofariki bidhaa ziliuzwa, mlango wa mbele ukafungwa kwa komeo, na mjane akaishi kwa kupangisha vyumba na kukaanga vitumbua, siku ambazo unga na mafuta vilipatikana. Alimwita Mtafiti mwanangu, na hakuwa akisema kwa desturi tu. Alimwekea chakula, alimfulia alipougua malaria, alimsemea kwa majirani waliouliza msichana huyu anaandika nini kutwa. Mimi nilimwita Bi Mkubwa kama wote walivyomwita, na nilipopita pale hakuniacha niondoke bila kuketi.

Miaka ile asiyeikumbuka asimuliwe. Sabuni ilikuwa habari. Tulifua kwa majani ya mpapai, tulipanga foleni toka alfajiri kwenye duka la ushirika bila kujua kitakachouzwa, na mtu akionekana na kilo mbili za sukari alitakiwa kueleza alikoipata. Kisha ukaja msako wa walanguzi. Nyumba zilipekuliwa, dari zilitobolewa, na watu wakaanza kutupa baharini na vyooni hata vitu walivyonunua kwa haki, wasikutwe navyo. Kila mtaa ulikuwa na kamati yake, na Mkuu wa Idara yetu alikuwa mjumbe katika kamati mojawapo.

Ni wakati huo Mtafiti alipoanza kile alichokiita kipimo cha nyumba. Alimtaka mtu afumbe macho, aingie chumba anachokipenda, na ataje kila kitu kilichomo, kuanzia mlangoni kuelekea kulia. Nilimwambia kwamba siku hizi si siku za kumuuliza mtu nyumbani mwake mna nini. Alinijibu kwamba haandiki majina, anaandika herufi tu, na kwamba hakuna mtu wa kamati atakayesoma karatasi za saikolojia.

Bi Mkubwa alichagua duka la mumewe.

Karatasi ile niliipiga chapa mwenyewe na naikumbuka ilivyo. Mhojiwa D, mjane, umri kama miaka hamsini na mitano, mwenye nyumba anamoishi mtafiti. Nilisita kwenye maneno hayo ya mwisho, nikaendelea. Kisha yakafuata aliyoyaona. Kuna magunia manne ya sukari ukutani kulia, moja limefunguliwa. Kuna katoni za sabuni za mche zimepangwa mpaka dari, sihesabu, nyingi. Kuna madebe ya mafuta ya taa chini ya meza. Kuna mizani. Kuna kanga bado ziko kwenye mafurushi, la juu ni jekundu. Ukurasa mzima ulikuwa kuna, kuna, kuna. Mtafiti alipanga kueleza katika ukurasa wa pili kwamba chumba hicho ni kitupu na kimefungwa kwa miaka tisa. Ukurasa wa pili ulibaki kwenye daftari kwa sababu utepe wa mashine yangu ulikauka, na mwingine haukupatikana Tanga nzima.

Sasa nieleze jambo langu. Karatasi nazo hazikuwapo. Mwanzoni mwa mwaka ule Mkuu wa Idara alipata rimu mbili, hakuna aliyejua wapi, akampa Mtafiti moja. Siku hiyo hiyo aliniita akanipa kaboni mpya mbili, akaniambia kazi za Mtafiti nizipige nakala tatu badala ya mbili, na ya tatu niiweke kwenye trei yake. Ni ya ofisi, alisema, hakuna haja ya kumsumbua mwenyewe kwa hilo. Nilikuwa mpiga chapa. Sikumsumbua mwenyewe kwa hilo.

Watu wa kamati walikuja asubuhi, watano. Walivunja komeo la chumba cha mbele wakakuta sakafu, panya na rafu tupu. Mtu mwenye akili angeomba radhi na kuondoka. Wao waliona chumba kitupu ni ushahidi kwamba mali imehamishwa, wakampakia Bi Mkubwa kwenye gari akiwa na kanga moja, ili awaonyeshe alikoihamishia.

Mtafiti alinifuata ofisini akanishika mkono tukaenda wote kwenye ofisi ya kamati. Tulisubiri barazani mpaka adhuhuri, kisha tukaingizwa mbele ya mwenyekiti wa kamati. Juu ya meza yake niliiona ile karatasi. Nakala ya tatu hutoka hafifu, na herufi "r" ya mashine yangu ilikuwa imepinda. Nilitazama chini.

Mtafiti alieleza. Sijapata kumsikia mtu akieleza vizuri vile mbele ya watu wasiotaka kuelezwa. Alisema huyu mama alikuwa anaona kwa mawazo, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemlazimisha kusema kuna, kwamba ni kanuni ya kazi, kwamba vitu hivyo vilikwisha kuuzwa zamani. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasoma kwa sauti, taratibu: kuna magunia manne. Akamuuliza yeye ni msomi wa wapi asiyejua tofauti ya kuna na kulikuwa. Wenzake wakacheka, na tukatolewa.

Bi Mkubwa alikaa ndani wiki saba. Walimuuliza sukari iko wapi, na alipojibu kwamba aliiona tu kichwani walimwona ana kiburi. Alirudi miguu imevimba, na tangu hapo hakuweza kusimama jikoni muda mrefu.

Nilikwenda kumpa pole kesho yake. Nilimkuta amelala juu ya mkeka, Mtafiti ameketi karibu naye anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Bi Mkubwa hakumfukuza. Majirani walimtaka amfukuze, baadhi walikuwa wamekwisha kumtolea vitu vyake nje, naye akaagiza virudishwe ndani. Lakini alizungumza naye siku ile, nami nilikuwapo.

"Mwanangu," alisema, "tangu marehemu aondoke nilikuwa sijaingia mle. Uliponiambia nifumbe macho nikaliona duka, nikamwona na yeye nyuma ya mizani. Nilifurahi, sikukwambia. Sasa nikifumba macho naliona vile vile, lakini wamo wale watu, wanapekua. Marehemu simwoni. Nimemtafuta."

Mtafiti alichota mafuta mengine. Aliendelea kukanda. Nikaona machozi yanamdondokea juu ya mikono yake, nikajisemea kwamba amepata adhabu yake na amejua alichokifanya.

Siku nne baadaye aliniletea daftari. Utepe ulikuwa umepatikana, na kazi iliyokuwa imelala ilikuwa nyingi. Nikafungua, nikapita ukurasa wa pili ule uliochelewa, na kwenye ukurasa uliofuata nikakuta maneno ya Bi Mkubwa. Yote. Duka, mizani, wale watu, nimemtafuta. Ameyaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, na juu yake tarehe, na pembeni amepigia mstari: picha ileile, imeingiliwa na tukio la baadaye, muhimu.

Nilimpelekea daftari nikamuuliza kama hili nalo nilipige chapa. Akauliza lina nini. Nikamwambia mama yule alikuwa analia msiba wake, hakuwa kwenye kipimo. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ambayo amewahi kujifunza kidogo. Alisema kwamba hajapata kusikia jambo kama lile likisemwa waziwazi hivyo, na asipoliandika litakuwa limetokea bure. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniomba niondoe yale maneno ya ukurasa wa kwanza, "mwenye nyumba anamoishi mtafiti".

Nikayaondoa. Nikapiga chapa. Nakala ngapi? Tatu, kama nilivyoagizwa, maana hakuna aliyekuwa ameniagiza vingine.

Kazi ile ilipelekwa ng'ambo ikampatia shahada yake ya juu. Mkuu wa Idara alimwandalia tafrija ndogo ya soda, zilizotoka huko huko zilikotoka karatasi, na katika hotuba yake alitaja uvumilivu wa mama zetu wa Ngamiani. Mtafiti alisimama akashukuru. Alikuwa amevaa gauni aliloazimwa na Bi Mkubwa kwa ajili ya siku hiyo, la zamani, lenye kola ya kudarizi. Bi Mkubwa alilirefusha pindo kwa mkono wake akiwa ameketi, kwa sababu ya miguu. Mambo hayo mawili nimeyatazama pamoja kwa miaka, gauni na ule mstari uliopigwa pembeni ya ukurasa, na sijayapatanisha.

Baada ya hapo alihamia chuo kingine, kisha nikasikia ameacha kufundisha. Wakati ulikuwa umebadilika. Ikawa ruksa kila kitu. Madukani kukajaa sabuni za kila rangi, na mshahara wa mwalimu haukutosha kuzinunua. Chuoni kwetu tulipunguzwa watu kumi na wanne kwa siku moja, nami nikiwamo, nikahamia Pongwe kwa marehemu kaka yangu nikafuga kuku. Bi Mkubwa alifariki mwaka uliofuata. Mtafiti hakuonekana mazikoni, wala sikumtarajia.

Nilimwona mara moja tu tena, miaka kumi baada ya wiki zile saba. Ilikuwa saa nne asubuhi, nachambua mchele barazani. Gari la kampuni ya sabuni lilisimama barabarani, wakashuka vijana wenye fulana za njano wakatawanyika nyumba kwa nyumba, na pamoja nao mwanamke mnene kidogo mwenye miwani, na yeye kavaa fulana ile ile juu ya sketi. Alikuja moja kwa moja kwangu na makaratasi kwenye ubao. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina langu, na hata hapo ilimchukua muda.

Aliketi. Akanieleza kwamba anasimamia utafiti wa soko, anawafundisha vijana kuuliza, kwamba wanalipwa vizuri na kwa wakati. Alisema ni saikolojia vile vile. Nilimpa chai. Tulizungumza habari za watu wa chuo, aliyekufa na aliyehamia Dar es Salaam, na wakati wote huo jambo langu lilikuwa limenikaa kooni. Mwishowe nililitoa. Nilimwambia kwamba ile karatasi ilitoka kwangu, kwamba niliagizwa nakala ya tatu na sikumwambia, na kwamba kwa miaka kumi sijapata amani.

Aliweka kikombe chini.

"Nilijua," alisema. "Mkuu alipokuwa akinipa rimu aliniambia atataka nakala yake. Nilikubali. Nilidhani hasomi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema mbele ya kamati ni nani aliyeitoa. Akasema angemtaja Mkuu wa Idara, karatasi zingekatika, na kazi ilikuwa imebaki robo tu. Alisema hivyo bila kujitetea, kama mtu anayetaja umbali kati ya mji na mji. Kisha akasema kwamba alidhani mimi pia najua kwamba anajua, ndiyo maana hatukuwahi kulizungumza.

Miaka kumi nilibeba mzigo huo, na mwenzangu alikuwa amenibebesha huku ananitazama. Nilitaka kumtukana. Alikuwa ameinamisha kichwa, nywele zimeanza mvi mbele, na nikajua kwamba hata nikimtukana atanisikiliza kwa subira yake ile mpaka mwisho, na pengine ataona kuna jambo muhimu ndani yake. Sikutaka kumpa hata hilo.

Kijana mmoja alimwita kutoka nyumba ya pili. Akamjibu kwamba anakuja, kisha akavuta ubao wake akaniuliza, kwa aibu kidogo, kama ninaweza kumjibia fomu moja, maana Pongwe walikuwa hawajatimiza idadi. Nikamwambia aulize.

Akauliza tuko wangapi nyumbani. Nikasema tisa, ilhali niliishi peke yangu. Akauliza natumia sabuni gani, nafua mara ngapi, napenda rangi ipi, nikisikia jina la sabuni yao kitu gani kinanijia. Yalikuwa maswali kumi na manane. Nilimjibu yote uongo, mmoja baada ya mwingine, bila kusita. Naye aliyekuwa akiutambua uongo kabla sentensi haijaisha aliandika kila nilichosema kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, akaniomba nitie sahihi, akanipa kipande cha sabuni cha bure, akanishukuru.